Nyasi Iliyozaa Harufu ya Viola

Mwishoni mwa karne ya 19, harufu iliyotamaniwa kuliko nyingi Ulaya ilikuwa ya ua dogo la rangi ya urujuani liitwalo viola. Ua hili huota karibu na ardhi na kuchanua baridi inapoanza kulegea, na harufu yake ina tabia ya pekee. Ukiinusa inakujaa puani, kisha inapotea ghafla hata ukadhani ua limeishiwa nguvu; ukivuta subira kidogo inarudi. Mabibi wa Paris na London walijibandika vishada vya viola vifuani, na kila mtengeneza marashi alitaka kuwa na chupa ya harufu hiyo dukani. Tatizo lilikuwa bei. Maua yalichumwa kwa mkono kandokando ya Grasse, mji wa manukato kusini mwa Ufaransa, yakalowekwa katika shahamu iliyoyeyushwa ili inyonye harufu, na malundo kwa malundo ya maua yaliacha mafuta kidogo mno. Marashi ya viola halisi yalikuwa ya wenye uwezo peke yao.

Mjini Berlin alikuwapo mkemia aliyeitwa Ferdinand Tiemann, mzaliwa wa 1848, mwanafunzi wa profesa mkubwa August Wilhelm von Hofmann, na baadaye shemeji yake, kwa kuwa Hofmann alimwoa dada yake Tiemann. Mwaka 1874 Tiemann na rafiki yake Wilhelm Haarmann walikuwa wamekwisha kuwashangaza wafanyabiashara kwa kutengeneza vanilini, kiini cha harufu ya vanila, kutokana na utomvu wa misonobari. Haarmann alifungua kiwanda kwao Holzminden, mji mdogo kando ya mto Weser. Baada ya vanila, macho yao yaligeukia viola.

Ila hata maabara ya Berlin haikumudu kununua viola za kutosha kwa uchunguzi. Tiemann na msaidizi wake Paul Krüger wakatafuta mbadala, wakaupata katika mzizi wa airisi, ua linalolimwa Toscana nchini Italia. Mzizi huo ukichimbwa hauna harufu ya maana; ukianikwa na kuwekwa ghalani miaka kadhaa, huanza kunukia viola. Mafuta yake nayo yalikuwa ghali, lakini yalipatikana. Kwa miaka mingi waliyachambua, wakakitenga kiini cha harufu wakakiita ironi, wakapima na kuhesabu, na kufikia hitimisho kwamba molekuli moja ya ironi ina kaboni 13.

Hesabu hiyo haikuwa sahihi. Miongo kadhaa baadaye Leopold Ruzicka, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alionyesha kwamba ironi ina kaboni 14. Lakini Tiemann hakulijua hilo, naye akauliza swali la fundi: nikitaka kujenga kitu chenye kaboni 13, nichukue matofali gani? Asetoni, kimiminika kinachojulikana hata na wapaka rangi za kucha, ina kaboni 3. Zimebaki 10. Na wakati huohuo wakemia wa Ujerumani walikuwa wakizungumzia sana aldehidi moja yenye kaboni 10, yenye harufu kali ya limau. Iliitwa sitrali.

Sitrali ndiyo hasa inayolifanya limau linukie limau. Ukikamua ganda la limau, sehemu kubwa ya mafuta yanayoruka ni limonini, ambayo imo pia katika chungwa na balungi na haina utambulisho wake. Sitrali katika mafuta hayo ni asilimia 2 hadi 5 hivi. Ondoa hiyo kidogo, na anayenusa hatajua tena ni tunda gani. Watengeneza marashi walikuwa wakiitumia pasipo kuijua tangu zamani: Johann Maria Farina, Mwitalia ambaye nyumba yake ya manukato ilianzishwa mjini Köln mwaka 1709, aliujengea mji huo jina kwa maji yake mepesi yenye mafuta ya limau, bergamoti na machungwa, yale ambayo dunia nzima huyaita kwa jina la mji huo. Ndani ya kila tone la maji hayo ilikuwamo sitrali, karibu miaka 180 kabla ya mtu kuitambua.

Waliokuja kuitambua walikuwa wakemia wa kampuni ya Schimmel ya Leipzig, mwaka 1888, na hawakuipata katika limau. Waliipata katika majani ya mti wa Queensland, Australia, ambao mafuta yake ni sitrali kwa zaidi ya asilimia 90. Baada ya hapo iliendelea kuonekana katika mimea mingine, na mmoja wao kila msomaji wa Kiswahili anaufahamu vizuri, kwa kuwa umeota nyuma ya nyumba nyingi kuanzia Lamu hadi Lindi na hutiwa kwenye birika la chai: mchaichai. Mafuta ya mchaichai na ndugu zake ni sitrali kwa asilimia 70 hadi 85. Kwa mkemia aliyetaka sitrali kwa wingi na kwa bei nafuu, kuikamua kutoka kwenye limau kulikuwa upotevu wa fedha. Nyasi ndiyo iliyokuwa mgodi.

Hapa niseme kidogo kuhusu neno aldehidi, maana wapenzi wa manukato wakilisikia huikumbuka Chanel No. 5, ambayo Ernest Beaux aliitunga mwaka 1921. Aldehidi zilizoipa sifa chupa ile ni nyingine, za mnyororo ulionyooka, zenye harufu ya nta, sabuni na ganda la chungwa. Kinachozifanya zote ziwe za ukoo mmoja ni kwamba mwishoni mwa molekuli ipo kaboni iliyoshika oksijeni kwa mkono wa kulia na haidrojeni kwa wa kushoto. Ncha hiyo ina njaa. Hushikamana upesi na vitu vingine, na kwa sababu hiyo sitrali huharibika haraka chupani ikiachwa kwenye hewa na mwanga, lakini kwa sababu hiyohiyo mkemia anaweza kuifunga kwenye molekuli nyingine na kujenga kitu kipya.

Ndivyo Tiemann na Krüger walivyofanya. Waliunganisha sitrali na asetoni wakapata kimiminika chenye kaboni 13, ambacho hakikuwa na harufu waliyoitaka. Wakakitia asidi. Asidi ilikikunja kile kinyororo kikajifunga kuwa pete, na katika chupa ya maabara ya Berlin ikanukia viola. Mwaka 1893 walitangaza kazi yao kwa makala iliyohusu harufu ya viola, na kitu chenyewe wakakiita iononi. Haikuwa ironi waliyoifuatia, kwa kuwa hesabu ya ironi ilikuwa na kosa. Lakini ilikuja kuthibitishwa baadaye kwamba iononi imo ndani ya ua la viola lenyewe. Walilipata ua walilolikosea njia, na sijui katika historia ya kemia kosa lingine la hesabu lililolipa vizuri namna hii.

Haki za uvumbuzi zilichukuliwa na kiwanda cha Holzminden, ambacho sasa kiliitwa Haarmann & Reimer, na nchini Ufaransa na kampuni ya de Laire ya Paris. Kitu kilichofuata kilibadilisha harufu ya mitaa ya Ulaya. Sabuni ya viola, poda ya viola, marashi ya viola vilianza kuuzwa kwa bei ambayo karani na mshona nguo waliimudu. Tiemann mwenyewe hakuufaidi muda mrefu. Alifariki mwaka 1899, akiwa na umri wa miaka 51, baada ya mabishano makali na wakemia wenzake kuhusu umbo halisi la sitrali. Mabishano hayo yalikwisha kwa kukubalika kwamba sitrali ni molekuli mbili pacha, jeraniali na nerali, zenye atomu zilezile, zinazotofautiana katika upande ambao mnyororo umepinda. Jeraniali ina ukali zaidi, nerali ni tamu kidogo.

Ufaransa na Ujerumani zimeandikiwa vitabu juu ya jambo hili. Upande wa pili wa biashara umeandikwa kidogo, nao ndio unaonivuta zaidi. Kila kilo ya iononi ilidai sitrali, sitrali ilidai mafuta ya nyasi, na kwa miaka mingi mafuta hayo yalitoka hasa sehemu moja ya dunia: vilima vya pwani ya Malabar na Travancore, kusini-magharibi mwa India, eneo ambalo leo ni jimbo la Kerala. Wafanyabiashara waliyaita mafuta ya Cochin, kwa jina la bandari yalikopakiwa melini.

Nyasi ya Malabar si ile ile ya nyuma ya nyumba zetu. Mchaichai wa pwani ya Afrika Mashariki ni wa aina ambayo mafuta yake yana mirsini nyingi, na mirsini huyafanya yasiyeyuke vizuri katika alkoholi. Marashi yanaingia ukungu. Nyasi ya Malabar, ndugu yake mrefu mwenye bua jekundu, haina kasoro hiyo. Mnunuzi wa Ulaya alikuwa na kipimo chepesi: alichanganya mafuta na alkoholi ya asilimia 70, na yasipobaki safi aliyarudisha. Kwa tofauti hiyo ndogo, sehemu moja ya Bahari ya Hindi ilipata biashara ya kimataifa na nyingine ikabaki na chai yake.

Wakulima wa vilimani walichoma nyasi kavu wakati wa kiangazi, mvua za masika ya kusi zikaja, na majani mapya yakachipua. Yalipokomaa yalikatwa kwa mundu, yakashindiliwa ndani ya chungu kikubwa cha shaba chenye maji, mfuniko ukazibwa kwa udongo, na moto ukawashwa chini. Mvuke ulipita katika mrija uliozamishwa majini, ukapoa, na mafuta ya manjano yakaelea juu ya maji kwenye chombo cha kupokelea. Kuni zilikuwa majani yaleyale yaliyokwisha kukenekwa, yakianikwa tena juani. Ni kazi ya moshi na mgongo, iliyofanywa usiku na mchana msimu wote, kwa kuwa majani yakikatwa na kuachwa hupoteza mafuta.

Bandarini mafuta hayakuuzwa kwa uzito peke yake. Yaliuzwa kwa sitrali iliyomo. Mpimaji alichukua kichupa cha kioo chenye shingo ndefu iliyochorwa alama, akatia kipimo cha mafuta na maji ya moto yenye chumvi ya bisulfiti, akatikisa na kutikisa. Ile ncha ya sitrali yenye njaa iliikamata bisulfiti na kuzama nayo majini. Vilivyobaki, yaani kila kitu kisichokuwa sitrali, vilipanda shingoni vikasomwa kwenye alama. Aliyechanganya mafuta ya taa au ya nazi ili kuongeza ujazo aliumbuka hapo.

Mara nyingi tunasimuliwa kwamba kemia ilipoingia, mkulima alitoka. Hapa haikuwa hivyo, angalau mwanzoni. Kwa zaidi ya nusu karne kiwanda cha Ulaya na chungu cha shaba cha Malabar vilikuwa kazi moja. Hakukuwa na njia nyingine ya maana ya kupata sitrali kwa wingi. Viola ya bandia ilimnyang'anya soko mchumaji wa viola wa Grasse, ikampa mkata nyasi wa Travancore. Familia zilizohamia milimani kutafuta ardhi zililima nyasi hii kwanza, kwa kuwa ilistahimili udongo duni na kuleta fedha mwaka huohuo, kabla mpira na pilipili havijakomaa. Mwaka 1951 kulifunguliwa huko Odakkali kituo cha utafiti kwa ajili ya nyasi hii mahususi.

Kilichoifanya nyasi iwe na thamani zaidi wakati huo hakikuwa marashi tena.

Mwaka 1931 Paul Karrer wa Zürich aligundua umbo la vitamini A, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Upungufu wa vitamini hii huwapofusha watoto kuanzia na upofu wa usiku na kuwaachia mwili usio na kinga. Chanzo chake cha kibiashara kilikuwa maini ya samaki. Mabaharia wetu waliokuwa wakiyapaka majahazi sifa, mafuta ya ini la papa, walikuwa wakizipaka mbao vitamini A bila kufahamu. Vita ya Pili ya Dunia ilipoyafunga mafuta ya ini la samaki wa Norway, wavuvi wa California waliwaandama papa kwa ajili ya maini yao hadi papa wakaadimika.

Ila umbo alilolionyesha Karrer lilikuwa na jambo lililowafanya wakemia wa harufu wakae wima. Upande mmoja wa molekuli ya vitamini A, pete na sehemu ya mkia wake, ni iononi. Siyo kitu kinachofanana na iononi; ni ile ile iononi, aina yake iitwayo beta, ambayo Tiemann aliipata kwa kukunja sitrali kwa asidi. Kaboni 13 kati ya 20 zilikuwa zimekwisha kujengwa na watengeneza sabuni ya viola. Mwaka 1947 Otto Isler na wenzake katika kampuni ya Hoffmann-La Roche mjini Basel walifaulu kuongeza zile zilizobaki kwa njia inayowezekana kiwandani. Vitamini A safi, isiyonuka samaki, ikaanza kutengenezwa, na mali ghafi ya mwanzo ilikuwa mafuta ya nyasi. Uvuvi wa papa wa California ulikufa. Cochin ikapata wateja wapya, na Guatemala nayo ikaingia shambani.

Mahitaji hayo makubwa ndiyo yaliyoigeuka nyasi. Mwenye kiwanda cha vitamini hawezi kungoja mvua, wala kukubali bei ipande mara mbili kwa sababu moto wa kiangazi umechelewa. Kuanzia miaka ya 1950 Roche wenyewe walijenga njia ya kuanzia kwa asetilini na asetoni; Marekani kampuni ya Glidden ilianzia kwa tapentaini ya misonobari; na BASF ya Ludwigshafen, Ujerumani, ikatafuta njia ya kuunganisha gesi ya isobuteni inayotokana na petroli na fomaldehidi. Sitrali hiyo ilikuwa ileile, atomu kwa atomu. Ilikuwa ya bei ndogo na haikukatika mwaka mzima. Mwaka 2004 BASF ilifungua hapohapo Ludwigshafen kiwanda cha sitrali chenye uwezo wa tani 40,000 kwa mwaka, kiasi ambacho vilima vya Malabar havingeweza kukikaribia. Kutoka kwenye sitrali hiyo hutoka harufu za viola, waridi na limau za sabuni za kufulia, mentoli ya dawa za meno, vitamini A na vitamini E. Matone ya vitamini A wanayodondoshewa watoto wa chini ya miaka mitano katika zahanati zetu, na ile inayotiwa kwenye mafuta ya kupikia kwa mujibu wa kanuni za Tanzania na Kenya, hutengenezwa kwa kemia ya jamii hii.

Tarehe 31 Oktoba 2017 moto ulizuka katika kiwanda hicho wakati kikiwashwa upya baada ya matengenezo. BASF ikatangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba yake, kwanza ya sitrali na manukato yatokanayo nayo, kisha ya vitamini A na E. Bei ya vitamini A ya vyakula vya mifugo ilipanda mara kadhaa ndani ya wiki chache, na wafugaji wa kuku ambao hawajawahi kusikia neno sitrali walilipia. Uzalishaji ulirejea mwaka uliofuata. Mwezi Julai 2024 moto mwingine ulizuka katika eneo lilelile la viwanda na tangazo kama lile likatolewa. Wakati wa vyungu vya shaba, mvua mbaya katika wilaya moja iliumiza wilaya ile. Sasa hitilafu ya siku moja kando ya mto Rhine inafika kwenye banda la kuku bara jingine, na naona huo ni udhaifu unaostahili kuzungumzwa zaidi ya unavyozungumzwa.

Sitrali ina kasoro nyingine, ya ngozi. Watu wachache huwashwa nayo, na kufuatia sheria iliyopitishwa mwaka 2003 Umoja wa Ulaya unalazimisha itajwe kwa jina kwenye lebo ya vipodozi ikizidi kiwango kidogo kilichowekwa. Nyuki hawana tatizo nayo. Wenyewe huitengeneza katika tezi iliyo karibu na ncha ya mkia, huinua mkia na kuipepea ili kuwaita wenzao nyumbani, na ndiyo maana wafugaji wa nyuki husugua mchaichai ndani ya mzinga mtupu ili kundi liingie.

Mafuta ya nyasi hayajafa. India bado inayakeneka, na Pemba, katika kiwanda cha Makonyo huko Wawi, ambako kazi kubwa ni mafuta ya vikonyo vya karafuu, mchaichai nao hupitishwa kwenye mitungi. Yanaishi kwa sababu wanunuzi wa vyakula na manukato wapo tayari kulipa zaidi kwa kitu kilichotoka shambani. Malipo hayo yamezaa vishawishi. Mafuta ya limau halisi ni ghali, na mwenye tamaa anaweza kuchukua mafuta hafifu na kuyatia sitrali ya nyasi, au hata ya kiwandani, yakanukia vizuri kuliko ya kweli. Pua haiwezi kumkamata, na chupa ya bisulfiti ya Cochin haiwezi pia, kwa kuwa sitrali ni sitrali.

Kaboni ndiyo inayomkamata. Petroli ni mabaki ya viumbe vya mamilioni ya miaka, na kaboni yake yenye uzito wa atomu 14, ile yenye mnururisho, imekwisha zamani. Sitrali ya mmea ulioota juzi bado inayo. Kutenganisha nyasi na limau ni kazi ya hila zaidi, ila inawezekana. Mchaichai ni jamaa wa mahindi, mtama na muwa, mimea ya nchi za joto inayonasa hewa ya ukaa kwa njia yake ya pekee, na kwa njia hiyo huhifadhi kaboni yenye uzito wa atomu 13 nyingi kidogo kuliko mlimau. Tofauti hupimwa kwa sehemu katika elfu, lakini mashine za maabara huiona. Msafirishaji wa mafuta ya limau kutoka Sicilia au Argentina leo huweza kuombwa cheti chenye hesabu hiyo kabla pipa halijapokelewa.